Presha kuka ya umeme ya lita 6: jiko la wavivu ambalo limenitoa kwenye mkaa

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye bando dogo asisumbuke kusoma mpaka chini: hii kitu nunueni. Kama unapika maharage, makande, kongoro, utumbo, kuku wa kienyeji, mbaazi, yaani vile vyakula vinavyokula mda na mkaa, nunua presha kuka ya umeme hata kama itabidi usubiri mshahara miwili mitatu. Na kama we ni mvivu wa jikoni kama mimi ndo ununue haraka zaidi, maana hili jiko limetengenezwa kwa ajili yetu.

Nasema mvivu bila kuficha. Mimi kukaa napepea jiko la mkaa siwezi, kuamka kila dakika ishirini kuongeza maji kwenye maharage siwezi, kuosha sufuria lenye masizi ndo kabisa sitaki kulisikia. Nilinunua hili jiko kwa sababu hiyo tu, nataka niweke chakula, nibonyeze, nilale. Habari za mazingira sikuwa nazo kichwani hata kidogo. Lakini baada ya kulitumia mda wa kutosha nimegundua gunia la mkaa halijaingia tena kwenye nyumba yangu, na mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ulikuwa unaisha kila mwezi saivi unakaa mpaka nasahau lini niliujaza. Hayo yote yamekuja yenyewe, na ndo maana nimeona niandike kwa kirefu kidogo, kwa sababu nadhani kuna jambo kubwa hapa ambalo watu hawaliongelei vya kutosha.

Kwanza jinsi linavyofanya kazi. Usiku kabla ya kulala naosha maharage makavu, ambayo sijayaloweka, natia kwenye lile sufuria la ndani, maji yanayoyafunika na kuzidi kama vidole viwili, kitunguu kimoja, nafunga mfuniko naupeleka mpaka unalia "kli", naseti saa ya kuchelewesha ili lianze lenyewe alfajiri saa kumi na moja. Basi. Maharage yanajiloweka usiku kucha kwenye maji yale yale, alfajiri linawaka, maji yakishapata moto kuna kapini kadogo ka chuma juu ya mfuniko kanatetemeka tetemeka, kanatoa mvuke kidogo, alafu kanaruka juu kanaziba na jiko linanyamaza kimya kabisa. Kuanzia hapo ni dakika thelathini hivi kwa maharage yaliyolala kwenye maji, hamsini mpaka saa kama umeweka makavu hapo hapo. Kapini kakishuka kenyewe ndo unafungua. Punje inabonyezeka kwa ulimi na haijapasuka, mchuzi umeshaanza kuwa mzito. Angalizo moja, usifanye huu mchezo wa kuchelewesha ukiwa umeweka nyama, nyama haikai usiku mzima kwenye maji ya joto la Dar ikabaki salama. Maharage, makande, choroko, hivyo sawa. Na kwenye maharage usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, yanatoa povu na povu likiingia kwenye tundu la mvuke linaziba.

Sasa kwa nini linakula umeme kidogo, maana hapa ndo watu wengi wanabishana na mimi. Maji ya kawaida hapa pwani yanachemka nyuzi 100 na hata ukiongeza moto vipi hayapandi, moto wa ziada unaishia kuwa mvuke unaopanda darini. Kwenye presha mvuke umefungiwa ndani kwa hiyo maji yanafika kama nyuzi 115 hivi, na hizo nyuzi kumi na tano zinapunguza mda wa kuiva kwa kiasi kikubwa sana. Ndugu zetu wa Mbeya wanaelewa hili vizuri kuliko sisi, mji uko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndo maana maharage ya kule yanakaa jikoni toka asubuhi mpaka watoto warudi shule. Alafu jambo la pili, jiko limevikwa vizuri pembeni, joto halitoki. Limeandikwa wati 1000 lakini hizo wati 1000 haziwaki mda wote, linawaka, likishapata presha linajizima, likipoa kidogo linawaka tena dakika moja mbili, linajizima. Ukikaa na rimoti ya luku mkononi kama nilivyokaa mimi utaona. Maharage kilo moja kwangu hayafiki nusu uniti.

Nusu uniti jamani. Kwa sisi wa tarifu ya kawaida ambapo elfu moja inakupa uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 180 hata haifiki. Kwa wale wa tarifu ya chini, wanaotumia uniti 75 kwenda chini kwa mwezi, uniti inakaa kwenye 122 hivi, kwa hiyo sufuria la maharage ni kama shilingi 60. Mkaa wa kuivisha maharage hayo hayo kwangu ulikuwa haupungui elfu na mia tano, na bado hujahesabu mafuta ya taa au lile karatasi la plastiki la kuwashia ambalo moshi wake ni sumu tupu.

Najua mnachosema, "umeme unakula hela". Hiyo imani imetoka kwenye lile jiko la koili la duara jekundu, na kwa lile mko sahihi kabisa. Lile ukipikia maharage saa mbili linameza uniti mbili au zaidi, joto nusu linaenda kwenye kuta. Ni vifaa viwili tofauti kabisa ila vyote vinaitwa jiko la umeme, na hapo ndo tabu inapoanza, hasa kwa wapangaji. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini luku ni moja mnachangishana, na mwenye nyumba anakwambia toka siku ya kwanza, hapa hita, jiko la umeme na pasi hapana. Mi naomba wenye nyumba mlioko humu mlitazame hili upya. Pasi mnayoiruhusu Jumapili kwa mlango wa kificho inakula sawa na maharage ya familia nzima. Mpangaji akiwa na kile kisoma-matumizi kidogo cha kuchomeka kwenye soketi mnaweza kuhesabiana kwa haki bila kununiana, na ukuta wa korido hautaki tena kupakwa rangi kila mwaka kwa ajili ya moshi wa majiko sita yamepangwa mlangoni.

Na wale wa tarifu ya chini mnaoogopa kuvuka uniti 75, pigeni hesabu. Ukipika kitu kizito kila siku, tuseme uniti 0.4 kwa siku, kwa mwezi ni uniti 12. Kama saivi unatumia 50 au 60 hutavuka. Kama uko kwenye 70 hapo uangalie, maana ukivuka zile za juu unalipia bei kubwa, labda uzime lile friji la chupa mbili za maji.

Turudi kwenye mkaa, kwa sababu hapa moyo wangu ndo upo. Mkaa unaofika Dar unatoka Pwani, Morogoro, Tanga, Lindi, miti ya miombo imekatwa, imepangwa kwenye tanuri la udongo, imefukiwa, inaungua taratibu siku kadhaa. Tanuri hizo za kienyeji zinapoteza sana, kupata kilo moja ya mkaa unachoma kilo tano mpaka kumi za mti. Sasa chukua lile debe unalonunua, lizidishe. Ukipita njia ya Kisarawe ukaangalia maeneo ya karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi unaona kabisa mkono wa mkaa ulivyopita. Serikali yenyewe inataja hekta zaidi ya 469,000 za misitu zinapotea kila mwaka nchi nzima, sio zote kwa mkaa, kilimo kina sehemu yake kubwa, ila mkaa na kuni vipo humo. Na moshi nao, takwimu inayotajwa kwenye mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ni kama watu 33,000 kwa mwaka wanakufa kwa magonjwa yanayohusiana na kupikia kwa nishati chafu. Hao wengi wao ni mama zetu na wadogo zetu waliobebwa mgongoni jikoni. Mi mama yangu macho yake nimeyajua mekundu toka nina akili.

Mkakati wenyewe ulizinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziache kuni na mkaa mwisho Januari 2024. Mambo mazuri, nayaunga mkono kwa dhati. Lakini mtaani nikiangalia nani kaacha mkaa na kwa sababu gani, sijamuona aliyeacha kwa sababu ya bango la "tunza mazingira". Nimemuona dada wa saluni aliyeacha kwa sababu hawezi kuchunga sufuria na kusuka kichwa kwa wakati mmoja. Nimemuona kijana wa bodaboda anayeishi peke yake, anarudi saa nne usiku kachoka hoi, anataka akute makande yameiva. Nimemuona mwalimu anayesahihisha daftari huku utumbo unajipika wenyewe. Wote hawa walitafuta nafuu, na msitu ukapata nafuu pembeni. Kwa hiyo mimi nasema anayetaka kuwatoa watu kwenye mkaa awaambie kwanza "hutakaa jikoni, hutapepea, hutasugua masizi", mti umtaje baadaye kabisa au asiutaje.

Tena faida za pembeni hazikuishia kwenye mkaa. Masizi hakuna, kwa hiyo sufuria naliosha na maji ya bakuli moja na sifongo laini, wakati zamani lile la mkaa lilikuwa linataka ndoo, steelwire na mchanga, na huku kwetu maji yakikatika siku tatu kila ndoo unaihesabu. Napika kwa wingi mara moja, nagawa kwenye vikopo vya mgando, naweka friza, kwa hiyo maharage hayachachi na hayamwagwi kama ilivyokuwa mwanzo. Na kwa kuwa nyumbani kuna chakula kilichoiva sitoki kwenda kununua chipsi za kwenye mfuko wa nailoni. Uvivu wa jikoni umevuta na uvivu mwingine ambao nao ni wa heri, nguo nazitundika zikiwa zimenyooshwa vizuri jua linamaliza kazi, pasi naigusa nikiwa na harusi au msiba.

Upande wa ladha. Mama alipokuja kutoka kijijini alikaa mezani akaonja, akaniuliza, "Mwanangu, haya maharage umeyapika saa ngapi, mbona sijakuona jikoni wala sijasikia harufu ya moto?" Nikamwambia, "Niliyaweka jana usiku mama, alfajiri yamewaka yenyewe." Akanyamaza, akaongeza mengine, alafu akasema, "Yameiva vizuri. Ila hayana ule moshi wake." Na ni kweli, ule moshi haumo, mwenye kuupenda ataukosa. Ninachofanya ni kuyaunga vizuri, kuna kitufe cha kukaangia mfuniko ukiwa wazi, natia mafuta, kitunguu kiive mpaka kiwe kahawia, nyanya ikauke kabisa mpaka mafuta yajitenge, karoti ya kukwaruza, alafu maharage na tui zito, nayaacha yachemke taratibu bila kufunika dakika kumi. Hapo hata mama alikubali. Siku ya pili aliniomba nimuonyeshe vitufe, na mpaka anaondoka alikuwa anaseti mwenyewe makande, miwani puani.

Mtaniuliza umeme wenyewe unatoka wapi, isije ikawa tunatoa moshi Kisarawe tunaupeleka kwingine. Swali zuri. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa ni maji na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na yote tisa imeshakamilika. Gesi asilia nayo ni nishati ya kisukuku, sikatai, inatoa kaboni. Lakini nusu uniti ni kitu kidogo sana ukiweka mezani na kilo za miti zilizofukiwa kwenye tanuri ili mimi nipate kopo la mkaa, hata kama nusu uniti hiyo yote ingetoka kwenye gesi.

Na kukatika umeme je? Unakatika, nani asiyejua. Ila hapa jiko limenishangaza. Umeme ukikatika presha ikiwa imeshapanda usifungue, liache hivyo hivyo, joto linakaa ndani na chakula kinaendelea kuiva chenyewe mda mrefu tu. Kuna siku ulikatika katikati ya kongoro, nikaliacha na kapini kake juu, mpaka kanashuka kenyewe kongoro lilikuwa limebakiza kidogo sana. Ukirudi umeme angalia tu kama lako linaendelea lilipoishia au linajiseti upya, zinatofautiana. Mtungi wa gesi mdogo usiutupe, baki nao kwa ajili ya chai na dharura.

Sasa mapungufu maana yapo. Ugali humu ni tabu, unaweza kuusonga kwenye kitufe cha kukaangia lakini sufuria linazunguka, halina mikono ya kushika, na mwiko unakwaruza ile rangi ya ndani. Chapati hapana. Kukaanga samaki hapana. Kwa hiyo ni jiko la kuchemsha, kubali hivyo. Lile sufuria la ndani ndo roho ya jiko, lioshe kwa kitu laini na tumia mwiko wa mti, rangi ikianza kubanduka inaingia kwenye chakula. Mimi saivi nashauri watu watafute lenye sufuria la ndani la chuma cha pua, linagandisha kidogo kwenye wali lakini linadumu. Kile kitufe cha kutunza joto nacho ni mtego kidogo, kikimaliza kupika kinawaka chenyewe na usipokizima kinakula umeme siku nzima bila sababu, wakati chakula kikiwa kimefunikwa kinabaki cha moto saa kadhaa hata ukichomoa.

La ununuzi linanikera zaidi. Kariakoo niliuziwa kwenye duka moja, kufika nyumbani plagi si ya pembe tatu zetu, ni ile bapa ya kwao, na kitabu cha maelekezo chote Kichina. Nikarudi, muuzaji ananiambia nitumie adapta ya elfu mbili. Wati 1000 kwenye adapta ya elfu mbili! Hiyo inayeyuka inaunguza nyumba. Nililazimika kumlipa fundi aniwekee plagi ya kueleweka. Tafadhalini mkiwa dukani mwambieni afungue boksi, achomeke, aweke maji vikombe viwili, mkione kapini kinapanda na mvuke hautoki pembeni ya mfuniko. Na lisichomekwe kwenye ekstensheni yenye friji na pasi, lipewe soketi yake ukutani.

Bei ndo ukuta mkubwa. Madukani utakuta kuanzia kama laki moja na ishirini mpaka laki mbili na nusu kwa la lita 6, kutegemea na aina. Anayenunua mkaa wa elfu moja moja kila jioni kwa mwezi anatoa kama elfu thelathini, kwa hiyo ndani ya miezi minne mitano hela ya jiko ameshaitoa, lakini ameitoa vipande vipande na laki na nusu kwa mkupuo hanayo. Hapa vikoba, saccos na wenye maduka ya mkopo mngefanya jambo la maana sana, mama ntilie mmoja mwenye mawili ya lita 8 anaacha magunia mangapi ya mkaa kwa mwaka. Kikundi cha wakinamama mtaani kwetu wameanza kuzungushiana, kila mzunguko mmoja anatoka na lake, na nimewaona wanavyofurahi.

Familia ya watu wanne mpaka sita chukua lita 6, wawili lita 4 inatosha. Mkishanunua ulizieni hapo hapo ule mpira mweupe wa kwenye mfuniko, nunueni wa akiba ukiwa na saizi ile ile, kwa sababu ndo kitu cha kwanza kulegea, unavuta harufu ya utumbo na kitunguu saumu, na ukichoka mvuke unatoka pembeni presha haipandi kabisa. Bei yake ni ndogo ila kuutafuta baadaye wenye saizi ya jiko lako ni kuzunguka Kariakoo nzima.